PS4 kwenye monita ya kompyuta: angalia matundu, kumbuka sauti

Ndugu zangu mnaofungua mabanda ya gemu Igoma na Buzuruga, monita iliyotumika inafaa kabisa kwa PS4, ila igeuze uangalie nyuma kabla hujalipa. Ikiwa na HDMI, tundu kama lile la nyuma ya PS4, chomeka tu. Ikiwa na DVI, tundu lile pana, waya wa HDMI kwenda DVI unatosha kwa picha.

Yenye VGA peke yake, ile ya buluu yenye vitundu 15 kwa mistari mitatu, waya mtupu hausaidii. PS4 inatoa picha ya dijitali, VGA inapokea analogi, kwa hiyo nunua kiboksi cha kubadilishia. Na kwanza chomeka PS4 kwenye TV ya nyumbani, uzime HDCP, ile kinga ya kuzuia picha isinakiliwe, kwenye mipangilio ya mfumo, la sivyo kioo kinaweza kubaki cheusi.

Sauti ndiyo inayowakwamisha wengi, maana monita nyingi hazina spika. Chukua kiboksi chenye tundu la sauti uchomeke sabufa hapo. Kama huna, tumia tundu la hedifoni chini ya pedi ya kuchezea, halafu kwenye mipangilio chagua sauti zote zipite huko. Juzi nilimfungia hivyo kijana mmoja wa Kirumba, sabufa ikanguruma papo hapo. Waya uwe mrefu tu. Goli likiingia watu wanaruka na pedi mkononi.