Tokeo la Simulesheni Lisiachwe Yatima: Kurekodi Metadata Ukitumia ngspice

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa natengeneza kipimajoto cha ghala moja huko Masasi. Saketi yenyewe ni nyepesi: dayodi ya 1N4148, rezista ya kilo-omu 4.7, umeme wa volti 5. Dayodi ikipata moto, volti yake hushuka takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja, na kwa hiyo volti unalijua joto. Nikafanya simulesheni kwa ngspice, programu inayoiga saketi kwenye kompyuta, nikachora grafu, nikakabidhi ripoti.

Wiki tatu baadaye mwenye ghala akataka nimfafanulie namba moja. Nikaendesha faili lilelile nikiwa hapa Mtwara mjini, likanipa volti iliyozidi ya mwanzo kwa milivolti 40 hivi. Kwa kifaa hiki, hizo ni nyuzi 20 nzima.

Kumbe mara ya kwanza niliweka `.temp 47`, kwa kuwa kisanduku kinakaa chini ya bati, kisha nikaufuta mstari huo nilipokuwa najaribu jambo jingine. Usipotaja joto, ngspice huchukua nyuzi 27. Grafu haikuwa na neno hata moja la kunikumbusha. Tangu siku hiyo siitegemei kumbukumbu yangu: kompyuta ndiyo inayoandika hali ya jaribio (hiyo ndiyo metadata), saa ileile inapotoa tokeo.

Hatua ya 1: Taja kila kitu ndani ya faili la saketi

```
.temp 47
.options reltol=1e-3 abstol=1e-12 vntol=1e-6
.include dayodi.lib
```

Thamani hizo tatu za `.options`, yaani viwango vya usahihi wa hesabu, ndizo ngspice inazotumia hata usipoziandika. Ziandike hata hivyo, ili msomaji asibaki kukisia. Kama unachezesha thamani za rezista kwa bahati nasibu, ongeza `seed=17` au namba nyingine yoyote nzima inayozidi sifuri, la sivyo kesho utapata matokeo mengine.

Hatua ya 2: Andika skripti, uiite `endesha.sh`

```
#!/bin/sh
K=kazi/$(date +%Y%m%d-%H%M%S)
mkdir -p "$K"
cp saketi.cir dayodi.lib "$K"
{
  date
  uname -a
  ngspice --version
  sha256sum saketi.cir dayodi.lib
} > "$K/metadata.txt"
ngspice -b saketi.cir -r "$K/tokeo.raw" -o "$K/logi.txt"
```

Mstari wa `cp` ndio ninaoupenda kuliko yote. Wengi hutunza faili la saketi wakasahau faili la modeli ya dayodi (`dayodi.lib`, linaloieleza ngspice tabia ya dayodi), na hapo ndipo penye hatari: 1N4148 ya mtengenezaji huyu na ya yule zinaweza kuwa na modeli tofauti, jina likiwa moja. Ukipakua modeli mpya juu ya ile ya zamani, ripoti yako ya zamani imekosa msingi. Nakala ikikaa folda moja na tokeo, unaweza kurudi nyuma wakati wowote.

Angalizo moja: ukitumia `-b` pamoja na `-r`, amri za `.meas` (za kupima thamani kutoka kwenye tokeo) hazifanyi kazi. Ukizihitaji, ondoa `-r`, namba zake utazikuta kwenye `logi.txt`.

Hatua ya 3: Endesha kwa skripti tu

`sh endesha.sh`, basi. Hata jaribio la dakika moja.

Hatua ya 4: Funga grafu na folda yake

Chini ya kila grafu kwenye ripoti naandika jina la folda, joto, na toleo la ngspice. Mstari mmoja unatosha.

Hatua ya 5: Mpe mwenzako arudie

Mpe folda hiyo peke yake, bila maelezo ya mdomo. Akikuuliza swali lolote, jibu lake liongeze kwenye skripti. Mnapolinganisha, msilinganishe alama za SHA-256 (zile za `sha256sum`, zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) za `tokeo.raw`: faili hilo hubeba tarehe kichwani, kwa hiyo alama hubadilika hata namba zikiwa zilezile. Linganisheni volti zenyewe.