Usitupe mbegu za limau, mkebe mmoja unatosha

Kitu cha kwanza, mbegu ya limau au chungwa isikauke. Hapo ndo wengi tunakosea, mtu anakula chungwa lake anaweka mbegu dirishani wiki nzima kama mbegu za mahindi halafu analalamika haioti. Ya chungwa ikikauka inakufa. Itoe kwenye tunda, ioshe mpaka ule utelezi uishe (mi huwa nazinyonya tu) na uipande siku hiyohiyo.

Mi natumia kavera (mfuko wa plastiki) nene au mkebe wa mafuta ya kupikia, natoboa matundu manne matano chini maana maji yakituama mizizi inaoza. Udongo ule mweusi wa chini ya migomba ya matoke ndo mzuri, changanya na mchanga kidogo na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, mbichi itaunguza mche. Mbegu ishuke kama sentimita 1 tu. Ukiwa na subira menya lile ganda jeupe kwa kucha, taratibu, itawahi kuota, wiki 2 au 3 hivi. Usipomenya inaweza kupita mwezi. Weka penye joto, udongo uwe na unyevu ila usiwe tope.

Usishangae mbegu moja ikitoa miche miwili mitatu, malimau na machungwa ndo tabia yao, na mingi kati ya hiyo ni mama yake mtupu, haina kitu cha baba. Bakiza wenye nguvu.

Sasa adui. Ukiona kwenye jani kitu kama kinyesi cha ndege, kiguse: kikitoa vipembe vyenye harufu kali ujue ni kiwavi wa kipepeo, na mche mdogo anaweza kuumaliza majani yote. Mi nawatoa kwa mkono asubuhi, kuku wa jirani ashajua saa yake.

Matunda je? Mchungwa wa mbegu ni miaka 5 mpaka 8, saa nyingine zaidi, limau huwahi kidogo. Huwezi kungoja? Shina likifika unene wa penseli libebeshe, yaani unganisha nalo kijiti cha mti unaozaa tayari, huko Teso, mashariki mwa Uganda, wakulima wa machungwa ndo zao, chini limau, juu chungwa.

Mizizi ikijaa mkebe hamishia kwenye ndoo ya lita 20. Kama umepanga nyumba usiuweke ardhini bado, siku ya kuhama unapanda nao boda.