Kabla ya Kukata Barabara: Kibali, Ada na Dhamana

Swali la kwanza la kumuuliza mtu anayetaka kukata barabara apitishe bomba au nyaya ni hili: utaifukiaje? Akianza kueleza ukubwa wa ekskaveta na idadi ya vibarua, bado hajajiandaa. Kuchimba ni kazi ya saa chache. Mtaro uliofukiwa vibaya hutitia mvua zikianza, lami ikabonyea, maji yakatuama, na kabla mwaka haujaisha magari yanakwepa shimo. Jiji linalijua hilo, ndiyo maana linadai kibali, linatoza ada na linashikilia dhamana. Ukizisoma karatasi hizo ukianzia siku ya kufukia, masharti yake mengi yanajieleza.

Jua kwanza barabara ni ya nani. Njia moja inaweza kuwa na wenyewe wawili: sehemu ya magari iko chini ya wakala wa barabara kuu, njia ya waenda kwa miguu iko chini ya halmashauri ya jiji. Mtaro ukivuka mpaka huo maombi yanakuwa mawili, na idhini ya mmoja haimlazimishi mwingine. Polisi wa usalama barabarani nao huhitaji taarifa pale unapofunga njia. Uliza pia lami ilitandikwa lini. Miji mingi hairuhusu barabara mpya kukatwa. San Francisco, kwa mfano, huilinda kwa miaka 5 tangu itandikwe, isipokuwa kwa dharura au sababu nzito. Kwa hiyo omba ratiba ya jiji ya kutandika lami mapema, ulaze bomba lako kabla rola haijapita. Ukichelewa, huenda ukabaki na njia ya kutoboa chini kwa chini, ambayo nayo inahitaji kibali na mashimo mawili, la kuingilia na la kutokea.

Chini ya barabara kuna mengi kuliko ramani inavyoonyesha. Hapa sitapita haraka, kwa sababu hapa ndipo watu hufa. Waandikie wenye maji, umeme, gesi, simu na majitaka, kila mmoja akupe michoro yake, na usiwasilishe maombi ya kibali kabla hujapata majibu yao. Marekani kuna namba moja ya simu, 811, iliyoanza kutumika nchi nzima mwaka 2007. Ukiipiga, wenye mabomba na nyaya huja kuweka alama za rangi juu ya ardhi: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, buluu ni maji safi, kijani ni majitaka, rangi ya chungwa ni mawasiliano. Pasipo na huduma kama hiyo, kazi ya kuwatafuta wahusika ni yako. Hata ukipata michoro yote, iamini nusu. Barabara huinuliwa na kushushwa, na kina cha bomba kilichoandikwa miaka mingi iliyopita kilipimwa kutoka kwenye uso ambao haupo tena. Chimba mashimo ya majaribio kwa koleo, mpaka uuone waya kwa macho, ndipo ulete mashine.

Na mashine ikikwaruza bomba, toa taarifa hapo hapo, hata kama halivuji. Ghislenghien, Ubelgiji, bomba kubwa la gesi liliharibiwa na mashine wakati wa ujenzi, likabaki na jeraha hilo mpaka tarehe 30 Julai 2004 lilipolipuka na kuua watu 24. Mkwaruzo unaofichwa leo unamsubiri mtu mwingine.

Ada huwashtua wengi kwa sababu walihesabu moja tu. Kwa kawaida kuna ya maombi, kuna ya ukaguzi, kuna ya kukalia njia inayohesabiwa kwa siku, na katika baadhi ya miji kuna fidia ya kuchakaza barabara, maana lami iliyokatwa hairudi kuwa kipande kimoja hata ikizibwa kwa ustadi. Kosa la kawaida ni kupiga hesabu kwa upana wa mtaro. Unapotengeneza uso wa barabara mara nyingi unatakiwa kukata lami zaidi ya kingo, ili kiraka kikae juu ya udongo ambao haukuguswa. Mtaro wa sentimita 60 ukiongezwa sentimita 30 kila upande unakuwa sentimita 120, maradufu ya ulichodhani unalipia. Tenga pia siku za ziada, kwa kuwa kibali kilichopitwa na muda hugeuka faini.

Dhamana ni jambo jingine kabisa. Ada ikishalipwa hairudi. Dhamana ni fedha yako iliyo mikononi mwa mwingine mpaka uthibitishe umemaliza vizuri. Inaweza kuwa fedha taslimu, hati ya benki au hati ya kampuni ya bima. Kabla ya kusaini, soma mambo mawili. La kwanza ni nini kinachoruhusu jiji kuichukua: je, linakupa kwanza notisi na muda wa kurekebisha? La pili ni tarehe ya mwisho. Uingereza, aliyechimba barabara huwajibika kwa kiraka chake miaka 2, na miaka 3 kama uchimbaji ulikuwa wa kina kirefu. Hati ya benki inayoisha mapema kuliko kipindi cha uangalizi, yaani muda huo wa kuwajibika, itakulazimu kuihuisha, na benki hutoza kila inapohuishwa. Usiichanganye dhamana na bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo humlipa mpita njia aliyeumia. Jiji huweza kudai vyote viwili. Ukimpa mkandarasi mdogo kazi ya kufukia, dhamana inabaki kwa jina lako.

Kwa hiyo ufukiaji wenyewe upange kabla hujavunja lami. Udongo uliotoka mara nyingi haufai kurudi, hasa wa mfinyanzi uliolowa, hivyo agiza kifusi kinachokubalika na ujue kitamwagwa wapi. Shindilia kwa tabaka nyembamba, si mita nzima kwa mkupuo, na uweke miadi na maabara mapema ije ipime mshindilio kila hatua. Mkaguzi aone tabaka la chini kabla halijafunikwa. Piga picha zenye tarehe: barabara ilivyokuwa, nyufa zilizokuwepo, ukuta wa jirani uliokuwa umepasuka tayari. Bila picha hizo, kila ufa utakuwa wako.

Kuta za mtaro nazo ziegemezwe. Kanuni za Marekani hudai kinga kuanzia kina cha mita 1.5, isipokuwa kwenye mwamba imara, na udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kuzidi tani moja na nusu. Aliyefukiwa mpaka kifuani hapati nafasi ya kupumua. Juu ya mtaro acha njia ya kiti mwendo, njia ya gari la wagonjwa, na taa usiku. Wenye nyumba na maduka wapewe taarifa ya maandishi siku kadhaa kabla.

Mwisho, weka kwenye kalenda siku ambayo kipindi cha uangalizi kitaisha, na mwezi mmoja kabla yake pita ukakague kiraka mwenyewe. Palipotitia, rekebisha. Kisha andika barua ya kuomba ukaguzi wa mwisho na kuachiliwa kwa dhamana, ukiambatisha vipimo vya maabara, picha na mchoro wa bomba lilivyolazwa kweli. Usitegemee kwamba ofisi itaurudisha yenyewe mzigo ambao mwenyewe hajaudai.