Namna ya Kujiandaa Kwenda Rwanda Kufundisha Mdahalo

Maelekezo haya nimemwandikia mwalimu wa Arusha au Moshi aliyealikwa na shule ya nchi jirani kwenda kufundisha mdahalo kwa wiki moja au mbili. Mfano wangu ni Rwanda, kwa kuwa ndiko nilikokwenda, na ndiko nilikokosea mambo ambayo mwenzangu anaweza kuyaepuka kabla hajafunga mkoba.

Nyaraka zisikuchukue muda mrefu, ila zianze mapema. Unahitaji hati ya kusafiria ambayo haijakaribia kuisha, barua ya mwaliko inayotaja tarehe na kazi utakayoifanya, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo huhesabiwa kuwa imeshika siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo kukimbilia sindano usiku wa kuamkia safari hakusaidii kitu. Mtumishi wa umma aombe pia kibali cha kusafiri nje ya nchi. Ukienda kwa njia ya barabara utapita Singida, Nzega na Kahama hadi Rusumo, kwenye mto Kagera, na ukishavuka daraja urudishe saa yako nyuma kwa saa moja. Mimi sikuirudisha. Siku ya kwanza nilifika getini nikidhani nimechelewa, mlinzi akanipa kiti, nikakaa pale saa nzima nikiwatazama wafagiaji.

Ratiba uipange pamoja na mwalimu mwenyeji, wala usiiandike peke yako ukiwa nyumbani. Asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa mfano, ni ya umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, na ukiweka mashindano siku hiyo utabaki ukumbini na viti vyako.

Jambo linalotaka fikra nyingi zaidi ni mada. Nilibeba mada niliyoiona tamu, kwamba bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya mji, kwa sababu kwetu ukiitaja hiyo darasani, mbele ya watoto wanaopita stendi kila siku, hakuna atakayekaa kimya. Wanafunzi wa Kigali waliisoma ubaoni, wakatazamana, kisha mmoja akauliza kwa adabu kama ninamaanisha moto, kwani ndivyo wanavyoziita, na akaeleza kwamba kule abiria hupewa kofia ngumu na dereva huvaa fulana ya kazi. Mada ikafia hapo. Haikuwa na tatizo la kujadiliwa, bali ilikuwa na tatizo la Arusha. Tangu siku hiyo nafanya hivi: kipindi cha kwanza nawaomba wanafunzi waandike, kila mmoja kwenye kipande cha karatasi, jambo moja ambalo watu wa nyumbani kwao hubishania wakati wa chakula, na katika vipande hivyo ndimo ninamotoa mada za wiki nzima.

Kuna mada nyingine ambazo mgeni hapaswi kuzigusa. Sisi tuliokulia Arusha tumezoea kuitaja Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015, kama sehemu ya historia ya mji wetu, na baadhi yetu tunalikumbuka zaidi jengo la AICC, kituo cha mikutano cha Arusha ilimokaa mahakama hiyo, kuliko mashauri yaliyosikilizwa humo. Mbele yako darasani huenda wameketi watoto wa walionusurika. Mauaji ya kimbari si suala lenye pande mbili za kutetewa kwa kurusha shilingi, na kipindi cha kumbukumbu kinachoanza tarehe 7 Aprili si wakati wa kwenda kufanya tamasha la ushindani.

Kuhusu umbo la mdahalo, mimi hutumia lile la mashindano ya dunia ya shule za sekondari: wazungumzaji watatu kila upande, dakika 8 kwa kila hotuba, kisha hotuba ya majumuisho ya dakika 4, ambapo upande wa upinzani hutangulia. Kwa wanaoanza punguza muda huo kwa nusu. Dakika ya kwanza na ya mwisho za hotuba hazikatizwi, lakini katikati mpinzani anaweza kusimama kuomba kutoa taarifa, yaani kuingilia kwa swali au hoja fupi. Mtanzania yeyote aliyewahi kusikiliza Bunge redioni analijua neno hilo, ila wanafunzi uwaambie kwamba mzungumzaji ana haki ya kukataa. Zile salamu zetu za kumtaja mwenyekiti, katibu, mtunza muda na waalikwa wote mmoja mmoja ziache Tanzania, maana zinakula robo ya hotuba.

Hotuba zilikuwa za Kiingereza, lakini matayarisho niliwaruhusu wayafanye kwa Kinyarwanda. Mwenyeji mmoja aliliona hilo kuwa ulegevu. Nadhani hakuwahi kumwona mtoto wa kidato cha pili wa Moshi, anayebishana na kondakta wa daladala kwa Kiswahili kilichonyooka, akiduwaa ukumbini kwa kutafuta neno.

Ugumu wenyewe uko kwenye kukanusha. Msichana mmoja alisimama, akafungua daftari, akasoma kwa sauti safi: “Mpinzani wangu amesema kwamba shule za bweni zina gharama kubwa.” Mpinzani wake alikuwa hajasema neno lolote kuhusu gharama. Kanusho lilikuwa limeandikwa tangu jana yake, na yule kijana wa upande wa pili akabaki anapekua karatasi zake akitafuta mahali alipolisema. Dawa niliyoipata ni kuwanyang’anya madaftari. Kila mmoja apewe karatasi tupu iliyokunjwa mara mbili ili itoe safu nne, aandike hoja za mpinzani wakati zinasemwa, kila mzungumzaji na safu yake, na asiruhusiwe kuongea kabla hajairudia hoja ya mwenzake hadi mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Baada ya hapo aseme kwa nini haikubali, atoe sababu, na aonyeshe sababu hiyo inabadilisha nini katika mada. Zoezi hili linachosha, na siku mbili za kwanza watakuchukia, usiliache.

Usikubali kubaki peke yako na mwanafunzi mmoja katika chumba kilichofungwa, na picha zao usizitume popote bila ruhusa ya shule na ya wazazi.

Siku mbili za mwisho, kiti cha mwamuzi mpe mwalimu mwenyeji. Wewe kaa nyuma kando ya mtunza muda, na mwenyeji wako anapotoa uamuzi ambao usingeutoa, mwulize sababu zake mkiwa wawili tu wakati wa chai, kwa maana wiki ijayo ndiye watakayemsikiliza.