Somo: Kufuma sweta ya misuko ya kuvaa kila siku

Sweta iliyojaa misuko kifuani, mgongoni na mikononi inapendeza, lakini ni nzito, inakula uzi mwingi, na ikifuliwa Njombe mwezi wa Julai haikauki upesi. Kwa kuvaa kila siku, misuko mitatu katikati ya kifua inatosha. Vipimo hivi ni vya mtu mwenye kifua cha sm 96 hivi. Sweta ikikamilika ina mzunguko wa sm 107 na urefu wa sm 62, bila ukosi.

Vifaa

Uzi wa unene wa kati, ambao bonge la gramu 100 lina mita 200 hivi: mabonge 7. Nunua yote kwa mara moja na ukague namba ya rangi kwenye karatasi ya kila bonge. Namba zikitofautiana, mstari utaonekana hata kama dukani uliona rangi ni moja. Sindano za mm 5 na mm 4, sindano ya mviringo ya mm 4 kwa ajili ya shingo, kisindano kifupi cha kushikia vitanzi, na sindano butu ya kushonea.

Chagua uzi uliosokotwa kwa kukaza, wa rangi ya krimu, kijivu au haradali. Nyeusi na bluu nzito huficha msuko.

Kipande cha kupimia

Anzisha vitanzi 28 kwa sindano za mm 5, fuma sm 15 (kawaida upande wa mbele, kinyume upande wa ndani), ufue, ukaushe kwa kulaza, ndipo upime katikati. Unatakiwa kupata vitanzi 18 na mistari 24 kwa sm 10. Ukipata vitanzi 20, usijiambie tofauti ni ndogo: sweta itapungua sm 10 na zaidi mzunguko mzima. Badilisha sindano, tumia nene zaidi, upime tena.

Mgongo

Anzisha vitanzi 98 kwa sindano za mm 4. Fuma pindo la kuvutika, 2 kawaida, 2 kinyume, sm 6. Hamia sindano za mm 5, fuma wazi (kawaida mbele, kinyume ndani) hadi sm 40, funga kiuzi cha rangi nyingine pembeni kuonyesha kwapa, endelea hadi sm 62. Funga 33 vya bega, weka 32 vya kati kwenye uzi wa akiba, funga 33 vya bega la pili.

Kifua

Hapa ndipo kazi ilipo. Msuko unakula upana: vitanzi 6 vikishasokotwa huchukua nafasi ya vitanzi 4 hivi. Asiyeongeza vitanzi hupata kifua kinachobana kuliko mgongo, na kushona ubavuni hakutamsaidia.

Fuma pindo kama la mgongo. Hamia mm 5, mstari wa maandalizi uwe upande wa ndani: 39 kinyume, kisha mara 3: 2 kawaida, 4 kinyume ukiongeza 2 humo ili viwe 6, malizia 2 kawaida, 39 kinyume. Jumla 104.

Kuanzia hapo, kila mstari wa mbele: 39 kawaida, mara 3: 2 kinyume, 6 kawaida, halafu 2 kinyume, 39 kawaida. Ukirudi kwa ndani, fuma kila kitanzi kama kinavyokuangalia.

Msokoto wa kwanza ni mstari wa 5, kisha kila mstari wa 8 (13, 21, 29 na kuendelea). Ukifika kwenye vitanzi 6 vya msuko, hamishia 3 vya kwanza kwenye kisindano bila kuvifuma, kiache kining'inie mbele ya kazi, fuma 3 vinavyofuata, ndipo ufume vile 3 vya kisindanoni. Kisindano kikikaa mbele, msuko hulala kushoto. Kikikaa nyuma, hulala kulia. Weka mbele kwa msuko wa kwanza na wa kati, nyuma kwa wa tatu, ile miwili ya pembeni itazamane.

Kwenye sm 40 funga kiuzi cha kwapa kama mgongoni, na kwenye sm 54 anza shingo. Funga vitanzi 22 vya kati, yaani misuko mitatu na nafasi zake, na ndani ya kila msuko fuma viwili pamoja mara 2 wakati wa kufunga. Usipofanya hivyo ukingo wa shingo utatanuka kama pindo la marinda. Kila upande utabaki na 41. Upande wa shingo funga 3, kisha 2, kisha punguza 1 mara 3, kila mara baada ya mistari miwili. Vikibaki 33, fuma hadi sm 62, funga.

Mikono

Vitanzi 42, mm 4, pindo sm 6. Kwa mm 5 ongeza kitanzi 1 kila upande kila mstari wa 4, mara 20, upate 82. Fuma hadi sm 45, funga kwa kulegeza.

Kuunganisha

Shona mabega, kisha mkono kati ya alama za kwapa, halafu ubavu na mkono kwa mshono mmoja. Shingoni okota vitanzi 88, pamoja na vile 32 vya akiba, fuma pindo sm 3. Uzi wa akriliki usiupige pasi. Ukishalegea kwa moto haurudi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimegundua msuko mmoja nimeusokota upande usio sahihi, mistari 10 chini. Nifumue yote?*

Marahaba. Hapana. Angusha vile vitanzi 6 tu hadi chini ya msokoto wenye kosa. Utaona ngazi ya nyuzi 10 zinazolegea. Visokote upya, kisha panda ngazi, uzi mmoja baada ya mwingine, ukifuma kwa sindano mbili nyembamba. Usiruke ngazi hata moja.

*Kitanzi cha mwisho cha msuko, kabla ya vile 2 vya kinyume, kinalegea sana. Kwa nini?*

Kwa sababu uzi unasafiri zaidi ukitoka nyuma kuja mbele. Ukishafuma kitanzi cha kwanza cha kinyume, vuta uzi ukaze kabla ya kufuma cha pili.

*Dada, nisipopata kisindano je?*

Kijiti cha mshikaki kilichosuguliwa kwa msasa kinafaa, au spoku ya baiskeli iliyokatwa na kulainishwa ncha. Isiwe nene kuliko sindano zako, itapanua vitanzi.

*Nataka ndogo zaidi.*

Punguza vitanzi 8 mgongoni na 8 kifuani, yaani 90 na 96. Kifuani anza na 35 badala ya 39. Mabega yawe 29. Mzunguko utashuka sm 9 hivi. Misuko na shingo usiviguse.