Somo: Kuirudisha meza ya pool ya futi 8 ya enzi za Mosconi ili kuifukuzia rekodi ya 526

Machi 1954, mjini Springfield, Ohio, Willie Mosconi, mchezaji wa pool wa Marekani, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Ulikuwa mchezo wa maonyesho dhidi ya Earl Bruney, na lengo lilikuwa pointi 200 tu. Alipozifikia hakuweka fimbo chini. Meza ilikuwa Brunswick ya futi 4 kwa 8, na hapo ndipo somo hili linapoanzia, kwa sababu namba 526 inajulikana dunia nzima lakini meza yake imesahaulika. John Schmidt alipofika 626 mwaka 2019 huko Monterey, California, alicheza meza ya futi 9. Mwaka 2022 Jayson Shaw wa Scotland akapanda hadi 714. Nawavulia kofia wote wawili. Ila anayetaka kujua 526 ina uzito gani sharti aicheze kwenye meza ya aina ile, na meza hiyo huikuti dukani ikiwa tayari. Inatengenezwa upya.

Kwa wasioujua mchezo wa 14.1, aina ya pool aliyocheza Mosconi siku ile: kuna mipira 15, unataja mpira na shimo, na kila mpira ni pointi moja, haijalishi namba yake. Ukiingiza 14 unasimama, hiyo 14 inapangwa tena kwenye pembetatu huku nafasi ya mbele ikiachwa wazi, kisha unaingiza ule wa 15 uliobaki mezani na wakati huohuo mpira mweupe unapasua lundo. Ukikosa, mfululizo umekwisha.

Hatua ya 1: Fremu

Kampuni ya Brunswick ilianza Cincinnati, Ohio, mwaka 1845, kwa hiyo meza zake za zamani zimejaa Marekani, kwenye vyumba vya chini vya nyumba na kumbi zilizofungwa. Tafuta za katikati ya miaka ya 1940 na kuendelea, mfano Centennial au Anniversary. Gold Crown iache, hata ikiwa nzuri namna gani: ilitoka 1961, miaka saba baada ya Springfield.

Pima kabla ya kulipa. "Futi 8" ni jina tu. Kuna yenye uwanja wa inchi 44 kwa 88 (sentimita 112 kwa 224) na kuna ile kubwa kidogo ya 46 kwa 92. Unapima kutoka ncha ya raba ya ukingo hadi ncha ya raba ya upande wa pili, hupimi mbao. Ya kwanza ina asilimia 77 ya eneo la meza ya futi 9, ya pili asilimia 85. Amua unajenga ipi, na uiandike wazi siku ya kutangaza matokeo.

Mikwaruzo ya miguu na rangi ya mbao visikusumbue. Havina pointi.

Hatua ya 2: Kufungua

Piga picha kila kiungo, andika namba chini ya kila ukingo na kila kipande cha jiwe lililo chini ya kitambaa, halafu ndipo ushike spana. Jiwe la sleti la futi 8 lenye unene wa inchi 1 hupita kilo 200 kwa jumla, kwa kawaida likiwa vipande vitatu. Kila kipande kibebwe kikiwa kimesimama kwa ubavu. Kikilazwa na kushikwa ncha mbili, kinaweza kukatika katikati.

Hatua ya 3: Jiwe na pimamaji

Pimamaji ya fundi mwashi haitoshi hapa. Tumia ile nyeti ya mafundi wa mashine. Vipimo vya mashindano vinaruhusu jiwe lipishane kwa takriban milimita 0.5 kwa urefu na 0.25 kwa upana. Sawazisha fremu kwanza, kisha jiwe la katikati, kisha mawili ya pembeni yalifuate, ukiweka kabari nyembamba kati ya jiwe na fremu. Pitisha kidole kwenye viungo: kidole kikihisi ngazi, mpira unaokwenda polepole nao utaihisi. Viungo vikikaa sawa, vijaze nta ya nyuki iliyoyeyushwa na uikwangue ikipoa.

Hatua ya 4: Raba

Raba ya miaka 70 imekauka, na mpira ukiigonga unarudi umechoka. Lazima ibadilishwe. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye meza zinazoletwa kwangu ni raba mpya yenye umbo lisilolingana na mbao za ukingo. Raba za pool zina maumbo, K-66 na K-55 zikiwa maarufu zaidi, na kila ukingo umechongwa kwa umbo lake. Ukibandika lisilo lake, ncha itakaa juu sana au chini sana.

Kipimo kinachoamua ni urefu wa ncha ya raba kutoka uwanjani: asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira, ukiruhusu asilimia moja juu au chini. Mpira una milimita 57.15, kwa hiyo ncha ikae karibu milimita 36.3. Ikiwa chini, mpira unaruka ukigonga. Ikiwa juu, unakandamizwa kwenye kitambaa na kupoteza mwendo. Ndani ya mfululizo mrefu utauhitaji ukingo mara nyingi kwa miguso laini ya kusogeza mpira mweupe sentimita chache, na ukingo mmoja ukidanganya, hesabu yote ya raundi inaharibika.

Funga boliti za kingo kidogo kidogo ukizunguka meza, zote zikazwe sawasawa. Boliti iliyolegea inatoa mlio mzito, na raba hapo inakufa.

Hatua ya 5: Mashimo

Hapa ndipo rekodi ilipo, na hapa ndipo watu hudanganya, wengine bila kujua.

Meza za mashindano za leo zina mashimo ya kona yenye mdomo wa inchi 4.5 hadi 4.625. Mipira miwili ikiwekwa bega kwa bega ni inchi 4.5 kamili, yaani inajaza mdomo. Meza nyingi za zamani za Brunswick zilikuwa karibu na inchi 5. Nusu inchi hiyo inamruhusu mchezaji kuingiza mpira kupitia upande mmoja wa shimo ili mpira mweupe uende anakotaka. Katika 14.1 hilo ni jambo kubwa, maana unachagua njia ya mpira mweupe kwanza, ndipo unachagua sehemu ya shimo.

Upana peke yake hautoshi. Angalia pia pembe ya midomo, na kina cha rafu, ile sehemu ya jiwe kati ya mdomo na pale mpira unapodondoka. Rafu ndefu inautema mpira uliogusa mdomo kwa nguvu. Shimo pana lenye rafu ndefu linaweza kuwa kali kuliko jembamba lenye rafu fupi. Kwa hiyo usichukue meza ya kisasa, ukapanua midomo hadi inchi 5 na kusema umepata meza ya 1954.

Meza nyingi za zamani zimebanwa baadaye na mafundi waliobandika vipande vinene vya mpira mgumu kwenye midomo. Vibandue, tafuta mkato halisi wa mbao, kisha weka vipya vyembamba vya milimita 3. Kama mbao zenyewe zimeongezwa, nenda taratibu na patasi: ukikata kupita kiasi, itabidi utengeneze ukingo mpya.

Hatua ya 6: Kitambaa

Leo wengi huvika sufu laini iliyofumwa bila manyoya, na mpira unateleza mbali. Enzi zile kitambaa kilikuwa na manyoya mafupi, na meza ilikuwa nzito, yaani mpira hauendi mbali. Uzito huo unafanya kupasua lundo kuwe kugumu, kwa sababu mpira mweupe unahitaji nguvu zaidi kulifungua. Upande wa pili, mpira mweupe hautoroki kirahisi. Ushauri wangu ni kitambaa chenye manyoya, yakielekea upande wa pembetatu, kikivutwa sawa pande zote. Brashi ipite kwa mwelekeo huohuo kila siku ya mchezo.

Hatua ya 7: Jaribio na ushahidi

Weka mpira kwenye nukta ya upande wa kuanzia, upige kwa nguvu kwenda na kurudi. Ukienda angalau urefu wa meza mara 4 bila kuruka, raba zako ziko hai.

Siku ile Mosconi hakurekodiwa kwenye filamu. Kilichobaki ni hati ya kiapo iliyosainiwa na waliokuwepo. Wewe una kamera, itumie: video moja isiyokatika, ukionyesha kwanza rula kwenye kila shimo, urefu wa ncha na ukubwa wa uwanja. Shahidi atamke hesabu kila pembetatu inapopangwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Morogoro: Shikamoo fundi. Baa ya mtaani kwetu ina meza ya sarafu ya futi 7. Naweza kuanzia hapo?

Marahaba, mdogo wangu. Kufanya mazoezi ya kupanga mipira, ndiyo. Pima mipira kwanza: ikiwa ya milimita 51, ile ya mtindo wa Uingereza, na midomo ya mashimo ni ya duara, huo ni mchezo mwingine kabisa. Shida ya pili ni kwamba meza inameza mipira, nawe kwenye 14.1 unaihitaji irudi kila baada ya 14. Kubaliana na mwenye baa akufungulie droo.

Mwanachama wa Mombasa: Bwana fundi, 526 ni pembetatu ngapi?

Raundi 37 kamili za mipira 14 ni 518, kisha mipira 8 zaidi. Maana yake lundo linapasuliwa mara 37 baada ya ule wa kwanza, na kila mara unabaki na kitu cha kupiga. Mimi hilo ndilo linanishangaza kuliko uingizaji wenyewe.

Mwanachama wa Columbus, Ohio: Kaka, tuseme ukweli. Meza ndogo, mashimo mapana. Si rahisi zaidi?

Mipigo ni mifupi, hapo nakubali. Lakini mipira 15 ileile inagawana eneo dogo, inabanana, na njia za mpira mweupe zinazibwa. Kwenye futi 9 ukipasua vizuri mipira inapata pa kutawanyikia. Mchezaji wa futi 8 anatumia muda mwingi kufumua vifungu vya mipira miwili mitatu iliyogusana. Ndiyo maana nasema zihesabiwe kando, na asidharauliwe yeyote.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Naweza kuagiza jiwe jipya badala ya kuhangaika na la zamani?

Unaweza, dada, mradi unene ni inchi 1 na matundu ya boliti yanalingana na kingo zako. Sleti haizeeki kama raba. Kama la zamani halijapasuka, fedha hizo zipeleke kwenye raba na kitambaa.

Mwanachama wa Tanga: Huku kwetu unyevu ni mwingi. Meza nzito ya manyoya si itageuka tope?

Sufu inanyonya unyevu na mwendo unapungua, hilo lipo. Funika meza usiku, chumba kipitishe hewa, na usiiweke karibu na ukuta unaopata mvua. Mbao nazo hutanuka, kwa hiyo rudia kukagua boliti za kingo na pimamaji masika yakianza na yakiisha. Kabla ya jaribio lolote la kuhesabu, rudia lile pigo la urefu wa meza mara 4, usipoufikia, ahirisha.