Somo: Kumpiga picha ndege wa porini kwa karibu, na kulitumia jua la Dodoma

Wengi huanza kwa kuniuliza lenzi ipi inavuta zaidi. Lenzi ina nafasi yake, lakini hapa Dodoma kinachoharibu picha nyingi ni jua. Ndege akikaa vibaya na jua, hata awe karibu namna gani, utaondoka na umbo jeusi. Kwa hiyo tuchague mwanga kwanza, halafu tumvute ndege aje penye mwanga huo.

Hatua ya 1: Maji na tawi

Kiangazi chetu ni kirefu, na maji huwaita ndege kuliko kitu chochote. Tafuta beseni pana, tia maji ya kina cha vidole viwili, weka jiwe katikati. Liweke juu ya udongo mtupu, si kwenye majani: udongo wetu mwekundu hurudisha mwanga wa joto chini ya tumbo la ndege na kupunguza ukali wa kivuli. Kwa kwezi, mwenye tumbo la rangi ya chungwa, utaiona tofauti mara moja.

Kando ya beseni simika tawi kavu la mgunga. Ndege hutua hapo kwanza, akague usalama, ndipo ashuke kunywa. Picha yako ni hapo kwenye tawi. Nyuma yake pawe wazi mita kumi au zaidi, ili vichaka vya mbali vififie.

Hatua ya 2: Jua mgongoni

Asubuhi kaa mashariki ya beseni, utazame magharibi. Kipimo unacho miguuni: kivuli chako kikiwa kirefu kukuzidi, piga, kikilingana nawe, funga mkoba. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda kwa kasi, kwa hiyo ukianza saa kumi na mbili na nusu, kufika saa tatu na nusu mwanga mzuri umekwisha. Rudi saa kumi jioni, safari hii ukae magharibi. Mwanzoni mwa Oktoba ndiyo usijaribu kabisa adhuhuri: jua hupita karibu utosini na jicho la ndege huzama kivulini.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, anataka subira ya pekee. Mng'ao wa koo lake hautokani na rangi tu, bali na muundo wa manyoya unaorudisha mwanga kwa pembe fulani. Akigeuza shingo kidogo, kijani kile kinakuwa cheusi tii. Usibonyeze mpaka akugeukie.

Hatua ya 3: Kamera

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe sekunde 1/1000 kwa aliyetua, 1/2000 kwa anayeruka. Fokasi iwe jichoni, na upige mfululizo, maana kuna utando mweupe unaopita jichoni ghafla na kulifanya lionekane kama la kipofu. Kwa yangeyange punguza mwanga kidogo, la sivyo manyoya meupe yataungua, yaani yatatoka doa jeupe tupu pichani.

Hatua ya 4: Kujificha

Gari lililozimwa linatosha, au kibanda cha magunia mita tano hivi kutoka kwenye tawi. Kaa chini, lenzi iwe usawa wa jicho la ndege.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Kondoa, nina simu tu. Nitaweza?
Jibu: Marahaba. Utaweza vizuri. Ifunge kwenye stendi mita moja kutoka kwenye tawi, bonyeza kioo kwa muda ili fokasi ijifunge hapo, kisha upige kwa rimoti ukiwa mbali.

Swali: Nikicheza sauti ya ndege kwenye spika si watakuja haraka?
Jibu: Watakuja, lakini katika msimu wa kutaga sauti hiyo inamwondoa ndege kwenye kiota akapigane na mpinzani asiyekuwepo. Naomba tusifanye hivyo.

Swali: Shambani kwetu hondohondo ameingia tundu la mbuyu, na mlango umezibwa. Nisogee kiasi gani?
Jibu: Usisogee, kaka. Huyo ni jike anayeatamia. Ameacha ufa mwembamba tu, na dume ndiye anayemlisha. Dume akikuona atasita kukaribia, na mle ndani jike atabaki na njaa. Kaa mbali, upande jua linakotokea, umpige dume akiwa njiani kuja na mdudu mdomoni. Akitua tawi la pembeni na kukukodolea macho bila kwenda kwenye tundu, rudi nyuma.